Kola Zilizokatwa Juu ya Kichwa Changu

Kamembe, tarehe 8 Januari 2018

Yaya Nabintu,

Ulisema telefone yangu huitaki tena, juu sauti yangu inajua kusema "niko sawa" hata nikiwa nimelala chini, lakini mukono wangu haujui kudanganya. Basi mukono huu hapa. Uuchunguze vile unachunguzaka mushono wa banafunzi bako. Hii barua nimeiandika kwa siku mbili.

Nina shida moja, na mwenye kuimaliza ni wewe, dada yangu mukubwa. Unakumbuka filme ya kichwa changu, ile nilipigwa Kigali mwaka 2016 ndani ya mashini kubwa, banaiita IRM? Ile karatasi nyeusi ya plastiki ngumu, yenye picha ishirini za ubongo zimepangwa mistari mistari, ndani ya bahasha ya kaki. Niliiacha kwako Kadutu siku tulienda kumuonyesha papa, baba yetu, mbele hajafa. Sasa ninaihitaji.

Dokta Sibomana wa Kigali, yule ananifuata kwa huu ugonjwa wa sklerozi, anataka nipigwe picha ingine mwezi wa pili. Alinieleza polepole, mpaka nikaelewa. Mwili wangu wenyewe unakula ngozi ya mishipa ya fahamu, kama panya anavyokula mpira wa waya ya pasi. Pale umekula, picha inaonyesha doa jeupe. Lakini picha moja peke yake haisemi kama ugonjwa unatembea ao umesimama. Anataka aweke ya zamani na ya mupya kando kando, ahesabu. Madoa yakiwa yaleyale, sindano zinanisaidia na tunaendelea. Yakiongezeka, atanibadilishia dawa mbele miguu haijanikataa kabisa. Na ile kliniki ya mara ya kwanza ilishafunga, kompyuta yao hakuna anayejua iko wapi. Filme yako kule njo ushahidi peke yake wa namna kichwa changu kilikuwa.

Umpe Maman Mirindi ailete. Anavuka mupaka kila asubuhi na beseni yake ya sambaza, ninamuamini. Lakini uifunge vizuri isinuke samaki.

Mudogo wako,
Nzigire


Bukavu, tarehe 12 Januari 2018

Nzigire, mutoto wa mama,

Barua imefika, inanuka sambaza, lakini imefika. Nimeangalia mukono. Herufi zinatetemeka kidogo, na kule chini mistari inapanda kama barabara ya milima ya Nyungwe. Unakula? Bwana wako Habineza anakulisha, ao anakuangalia tu?

Huku atelie imejaa. Kwaya ya parokia imeleta komande ya shati sitini za Pasaka, kola zote nyeupe, na banafunzi bangu bane, bawili kati yabo hawajui hata kukata mukono bila kuuliza. Ninalala nikiota vifungo. Juzi mumoja alipiga pasi juu ya nailoni, nyumba yote ikajaa moshi.

Kuhusu filme, nitatafuta. Nyumba ilipakwa rangi, vitu vikahamishwa. Usihangaike. Maman Mirindi ameniambia anakuona sokoni na uko unaendelea vizuri. Tunamushukuru Mungu.

Yaya wako,
Nabintu


Kamembe, tarehe 25 Januari 2018

Yaya,

Nyumba yako haikupakwa rangi. Maman Mirindi alikuja kwako juzi, nimemuuliza. Ukuta wa sebule bado uko na ule weusi wa taa ya petroli ya wakati wa mama. Na kama anasema ninaendelea vizuri, ni juu ananikuta nimeketi.

Nikuambie yote, ndiyo na wewe uniambie yote. Matundu ya vifungo nimeacha kuyashona kwa mukono. Vidole vya kuume ni kama vya muntu mwingine. Jicho la kushoto linaona nyuzi mbili pale kuna mumoja, kwa hiyo Habineza ananitungia uzi asubuhi, sindano kumi, ananichomekea kwenye muto mudogo wa sindano, kisha anaenda kazini kwake kwa useremala. Zikiisha, nimefunga duka. Kazi yangu inapimwa kwa uzi wa bwana wangu.

Tarehe ya picha ni 19 mwezi wa pili. Filme ya mupya nitapewa siku ileile, lakini dokta ataisoma tarehe 23 mwezi wa tatu, juu atakuwa nje ya inchi. Uko na muda. Iko wapi, Yaya?

Nzigire


Bukavu, tarehe 3 Februari 2018

Nzigire,

Kama umesimama, keti.

Filme haikupotea. Niliikata.

Baada ya kumuzika papa, kikundi cha maombi kilikuja nyumbani. Maman Bernadette mwenye kukiongoza alisema wewe ulilishwa sumu, na picha ya ugonjwa haifai kulala ndani ya nyumba, inauita ugonjwa ukae. Alisema niichome. Nikaishika, nikaenda nayo mpaka kwa mbabula, lile jiko la makaa. Unanijua. Ile plastiki ilikuwa nzuri, ngumu, haikunjiki, chaki inashika na inafutika. Patro ya karatasi, ile ya kukatia nguo juu yake, inachakaa kwa mwezi mumoja. Nikasema kuichoma ni hasara, kuiweka ni zambi, basi nitaifanya kitu kingine na Mungu atanielewa. Nikachukua makasi.

Nilitoa patro nne, nikazibananisha vizuri juu sipendi hasara. Kola ya mukubwa, kola ya mutoto, manshete ya mwisho wa mukono, na mufuko wa kifuani. Nikazitundika kwenye musumari pamoja na zingine. Tangu siku ile, nusu ya batoto ba shule ba Kadutu wanavaa kola zilizokatwa juu ya kichwa chako.

Usifikiri nilikuwa na roho mbaya. Nilitaka sana uwe umepona, mpaka nikafanya kama umeshapona. Ninaona haya, Nzigire. Wiki tatu niko nageuza kalamu, ninakuandikia habari ya nailoni.

Patro tatu ziko hapa. Ile ya mufuko, Buhendwa, mwanafunzi wangu wa zamani, aliibeba wakati alifungua atelie yake Uvira.

Nabintu


Kamembe, tarehe 9 Februari 2018

Nabintu,

Leo sikuiti yaya.

Nilisoma barua yako, kiisha nikamupa Habineza anisomee tena kwa sauti, juu macho yalikuwa yameshajaa. Alipofika kwenye kola za batoto akacheka. Nilimufukuza jikoni. Kesho yake, nikiwa peke yangu, na mimi nikacheka, lakini kucheka si kusamehe, usichanganye.

Hakuna muntu alinilisha sumu. Ugonjwa huu una jina na dokta analijua. Maman Bernadette aendelee kuniombea, simukatazi, nami ninaomba. Lakini mimi niombewe na nipimwe. Kupimwa ndiko kutaniambia niko wapi, na nikijua niko wapi nitajua namna ya kupigana.

Kusanya vipande. Vyote. Na Uvira uende wewe mwenyewe, usitume muntu.

Nzigire


Bukavu, tarehe 22 Februari 2018

Mudogo wangu,

Nimetoka Uvira wiki iliyopita na mgongo bado unaniuma kwa barabara. Buhendwa alifikiri nimekuja kumugombeza juu aliniibia bakiliya, wateja bangu. Nilipomwambia nimefuata patro ya mufuko akanitazama kama mwenda wazimu. Ilikuwa chini ya mashini yake, amebandika juu yake kalenda ndogo. Nimeibandua na maji ya moto.

Nimeunganisha vipande vyote juu ya meza, na haikuwa kazi ndogo, juu kila kichwa kinafanana na kingine. Nimefuta chaki, nimepanga pembe kwa pembe, nimebandika skoch, utepe wa gundi, pande zote mbili. Iko safi. Kinachokosekana ni kimoja tu, ule mwezi mdogo wa shingo, pale kola inapinda. Huo nilipoukata ulianguka chini na ukafagiliwa siku ileile. Nilitafuta hata nyuma ya nyumba, miaka miwili baadaye, ujinga gani.

Bahasha ilivuka juzi, lakini Maman Mirindi alikataa kuiweka kwenye beseni. Aliivaa mgongoni chini ya kitenge kama mutoto. Mwanamuke wa forodha alitaka kumuona mutoto, Maman Mirindi akamufunulia. Nadhani mpaka leo yule mwanamuke hajaelewa.

Picha ya mupya ilikuwaje? Mashini bado inapiga kelele?

Yaya wako, kama unataka,
Nabintu


Kamembe, tarehe 2 Machi 2018

Yaya wangu,

Ninakuita yaya, soma mwenyewe utajua kwa nini.

Mashini inapiga kelele kama mafundi bati kumi juu ya paa moja. Nililala mule dakika arobaini bila kusogea, ninahesabu vifungo vya kwaya yako. Filme ya mupya nikapewa.

Jana saa ine ya asubuhi, wakati jua linaingia sawasawa kwenye dirisha la upande wa ziwa, Habineza alizibandika zote mbili kwenye kioo, yako ya vipande na yangu nzima. Dokta alinikataza kujisomea. Lakini mimi ni fundi, Yaya, kazi yangu ni kulinganisha mukono wa kuume na wa kushoto. Nilitembea na kidole picha kwa picha. Ile ya zamani iko na madoa meupe kumi na moja. Ya mupya iko na kumi. Nilihesabu mara ine. Habineza akahesabu, yeye ambaye anapima mbao mara mbili hata ya kuwasha moto. Kumi na moja, kumi.

Moja limeondoka. Miaka miwili ninajichoma sindano siku tatu kwa wiki, usiku ninatetemeka kwa homa ya dawa, na moja limeondoka. Nililia pale dirishani mpaka Mukamana, jirani mwenye duka la Fanta, akaja kuuliza nani amekufa.

Kwa hiyo nimekusamehe. Hata kola.

Nzigire


Kamembe, tarehe 11 Machi 2018

Shemeki Nabintu,

Mimi si muntu wa barua. Nzigire hajui kama ninaandika.

Tangu siku ya kuhesabu madoa, amekataa sindano. Ziko kwenye frigo ya Mukamana katikati ya Fanta, hakuna imetoka. Anasema dawa imeshashinda, sasa mwili upumzike, homa imemuchosha. Ninamuonea huruma kwa ile homa, njo maana sikumulazimisha. Labda nimekosea.

Jumamosi alianguka karibu na mashini ya kushona. Alisema alijikwaa kwenye zulia. Sisi hatuna zulia.

Wewe umenyamaza siku tisa, hata kumupongeza hujamupongeza. Anauliza kila siku kama Maman Mirindi ameleta kitu. Mimi hanisikii. Wewe anakuogopa. Umwambie.

Habineza


Bukavu, tarehe 12 Machi 2018

Nzigire,

Usimukasirikie Habineza kwa kuniandikia. Amefanya kile mimi nilishindwa kufanya.

Siku nilisoma "kumi na moja" nilijua. Niliketi na barua yako ya furaha juu ya magoti, sikuweza kuandika mustari. Sikiliza. Patro zangu zote zinatundikwa kwenye musumari. Ili zitundikwe, ninazitoboa. Karatasi ninaitoboa na makasi, lakini plastiki inapasuka, kwa hiyo hizo zako nilizitoboa na musumari wa moto. Tundu la duara, dogo, safi. Moja kwenye kola ya mukubwa, moja kwenye mufuko; zile zingine mbili nilizitundika na kibanio tu. Wakati wa kubandika skoch niliyaona na nikayafunika, nikasema ni aibu yangu, yasionekane. Skoch inapitisha mwangaza. Ulipoweka kwenye dirisha, jua likapita mule.

Mawili kati ya yale kumi na moja si ugonjwa. Ni mimi. Ulihesabu jua.

Ya zamani ni tisa. Ya mupya ni kumi. Hakuna lililoondoka.

Nilitaka kunyamaza mpaka tarehe 23, dokta akuambie, mimi nisiwe mwenye kukuvunja mara ya pili. Nikadhani siku chache za furaha hazidhuru muntu. Sikujua umeziacha sindano. Sasa nimejua, na ninaogopa.

Nimekutumia ndani ya bahasha kola ya mukubwa na mufuko vya karatasi ya kaki, nakala zangu za zamani. Nilivichora juu ya filme yako na nikavitoboa palepale, na musumari uleule. Viweke juu ya filme, pembe kwa pembe. Utaona matundu yanakutana. Telefone haiwezi kubeba tundu, njo maana ninakutumia karatasi. Kisha umwendee Mukamana, uchukue sindano. Leo, si kesho. Maman Mirindi ameketi mulangoni kwangu, nimemwambia hatoki kwako mpaka akuone umechomwa, hata sambaza zikiharibika.

Ukasirike ukitaka. Lakini ukasirike umeshachomwa.

Nabintu


Kamembe, tarehe 25 Machi 2018

Yaya,

Maman Mirindi aliketi kwenye kiti cha bakiliya, beseni katikati ya miguu, akasema hatoki. Nilikuwa nimeshaweka kola ya kaki juu ya filme. Matundu yalikutana. Nikamutuma Habineza kwa Mukamana. Sitaki kukuandikia namna usiku ule ulikuwa. Homa ilikuwa nusu, nusu nyingine ilikuwa hasira, na sikujua ni ya kumukasirikia nani. Wewe, mimi, lile dirisha.

Juzi tulipita Nyungwe tangu alfajiri, nikatapika mara mbili, tukafika kwa dokta. Nilimuonyesha kila kitu, filme ya vipande, filme nzima, karatasi za kaki. Nikamueleza kola, musumari wa moto, kikundi cha maombi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaweka karatasi yako juu ya filme, akapiga musalaba juu ya matundu mawili. "Haya tunayatoa," akasema, kama muntu anayetoa mawe kwenye mchele.

Yale tisa akayapima moja moja. Hayajakua hata kidogo. Hiyo, alisema, ni habari nzuri, na ni sindano zimeifanya. Ndiyo pale akaniuliza mara ngapi nimeruka. Nikasema tano. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

La kumi, Yaya, liko palepale kwenye mwezi wa shingo. Kile kipande kilichofagiliwa. Hawezi kusema ni la mupya ao lilikuwepo tangu mwanzo. Alijaribu kupima kandokando, akatikisa kichwa. Akasema hatahukumu kitu ambacho hakioni. Dawa nisiibadilishe, nisiruke hata siku moja, nirudi mwezi wa tisa. Kuanzia sasa, filme ya mwezi wa pili njo mwanzo wetu. Likija la kumi na moja, tutajua ugonjwa unatembea, naye atabadilisha dawa.

Ninakujua, utakuwa umeanza kulia juu ya kile kipande. Lia leo basi. Kesho ushone shati za kwaya.

Mudogo wako,
Nzigire

Mustari huu wa chini nimeuandika na mukono wa kushoto. Dokta alisema niufundishe nao. Unaonaje?


Bukavu, tarehe 10 Aprili 2018

Mudogo wangu,

Mukono wa kushoto unaandika kama mwanafunzi wa kwanza, lakini mwanafunzi mwenye bidii. Nimeupa saba juu ya kumi.

Nililia siku moja, kama ulivyoniruhusu. Kisha nikakata turubai. Utaona ndani ya furushi hili. Ni kikoba cha kuwekea filme, nimepima kwa ile ya kwanza nikaongeza vidole viwili kila upande. Ndani kuna mifuko kumi, kila mufuko kitambaa laini pande zote zisikwaruzane. Nje nimeweka kishikio, ubebe begani ndani ya basi. Hakuna musumari umekipita. Ule wa ukutani nimeung'oa, patro zangu sasa ziko ndani ya sanduku.

Mufuko wa kwanza nimeushona na uzi mwekundu, ni wa ile ya vipande. Iweke mule na karatasi za kaki, dokta asisahau matundu yangu. Wa pili ni wa mwezi wa pili. Minane iliyobaki iko tupu, na ni kazi yako kuijaza. Ukiniletea mwaka ambao mufuko umekosa kitu, nitajua umeruka.

Maman Bernadette alikuja kuuliza kama bado tunakuombea. Nimemwambia tunaomba, tena tunapima, na kama anataka kusaidia anunue barafu ya kusafirishia sindano. Aliondoka haraka. Jumapili akaileta.

Yaya wako,
Nabintu


Kamembe, tarehe 28 Septemba 2018

Yaya Nabintu,

Nimefika jana kutoka Kigali, na hii ninaiandika na mukono wa kushoto tangu juu mpaka chini, hesabu mwenyewe siku: barua ya kwanza ilinichukua mbili, hii ni moja.

Kumi bado ni kumi. Yale tisa yako mahali pao na lile lingine liko mahali pake, halijakua, halijazaa. Dokta alizipanga zote tatu kwenye taa na kusema kwamba sasa anaona vizuri. Hasemi nimepona. Mimi pia sisemi. Mguu wa kuume unakokota jioni, Habineza amenichongea mkongojo wa mti wa mukaratusi, na matundu ya vifungo sasa anayashona musichana mumoja wa Giheke ninayemufundisha nikiwa nimeketi. Ninamkaripia sana, anasema ninafanana na wewe. Lakini ugonjwa umesimama, Yaya. Miezi sita na nusu hakuna sindano niliyoruka, nazo homa zake nilizila zote.

Kikoba nilikibeba begani ndani ya Nyungwe, na dokta aliwaita wenzake wawili waje kukiona. Mmoja aliuliza fundi ni nani. Nikasema ni yule aliyenikata kichwa.

Mufuko wa tatu umejaa. Iliyobaki ni saba, niliihesabu njiani. Mimi niko na miaka thelathini na ine. Saba haitoshi.

Ongeza turubai.

Nzigire